Presha ya Saa Nne

Kazini walimwita Mama Vizimba, na jina hilo lilikuwa limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mtunza wanyama katika maabara ya chuo: kubadilisha maranda, kuosha chupa za maji, kupima chakula kwa mizani, kuwahesabu panya weupe kizimba kwa kizimba kabla watu wengine hawajafika. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Watafiti walikuja na kuondoka, wengine walipata shahada zao wakamsahau siku hiyohiyo. Yeye alibaki na harufu ya maranda kwenye nywele, na akimtazama panya akinywa maji, aliweza kukuambia kama amelala vizuri au la.

Mwaka huo mtafiti alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye haraka, ambaye hata chai aliinywa amesimama. Alitaka kujua presha ikipanda kwa muda mrefu inamfanya nini mnyama kichwani. Alikuwa na panya thelathini wa ukoo unaozaliwa na presha ya juu. Nusu yao waliachwa walivyo. Nusu walipewa dawa ya kuishusha, kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kinywani, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Ilipofika saa nne walipelekwa mmoja mmoja kwenye beseni kubwa lililojaa maji yaliyotiwa rangi nyeupe. Chini kidogo ya uso wa maji palikuwa na kijukwaa kisichoonekana. Panya mwenye kumbukumbu nzuri akishakigundua siku mbili tatu, siku ya nne huogelea moja kwa moja mpaka hapo, akapanda, akajipangusa masharubu. Aliyesahau huzunguka ukingoni mpaka mtu aje kumtoa.

Mama Vizimba aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu, lakini moyo wake mwaka huo ulikuwa nyumbani.

Aliishi na dada yake, aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, yeye akiwa bado hajaota meno ya ukubwani, dada ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani, na mguu wake juu ya kile chuma cha kukanyagia ndio uliomsomesha mdogo wake na kumlisha. Hakuwahi kumpiga hata kofi. Watu wa mtaa walikuwa wakisema ukimkasirisha yule fundi basi una kipaji.

Sasa alikuwa na miaka sabini na tatu, na tangu miaka miwili iliyopita kumbukumbu zilianza kumtoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Kwanza yalikuwa mambo madogo. Aliuliza swali moja mara tatu. Alikata kitambaa cha mteja mmoja kwa vipimo vya mwingine. Hospitalini walimkuta na presha ya juu, ambayo bila shaka alikuwa nayo kwa miaka mingi bila kujua, wakampa vidonge vya aina mbili, kimoja kimoja, avimeze kila siku. Mama Vizimba alichukua jukumu hilo mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaenda kazini, alimwamsha dada, akampa vidonge na maji, akamrudisha kulala.

Aliyeshinda na dada asubuhi ni binti wa dada mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na tano aliyefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Alirudi saa moja, amechoka, mikono bado ina unga, akajilaza kwenye kochi lililo karibu na mlango wa chumba cha mama yake, akawa analala jicho moja wazi. Jioni aliondoka Mama Vizimba aliporudi. Walipishana mlangoni kama walinzi wa geti.

Malalamiko yalianza kwa huyo binti. Alisema mama amekuwa mkali. Asubuhi anaamka vizuri, anazungumza, halafu baadaye macho yanabadilika, anatukana, anarusha vikombe, anamfukuza mwanawe mwenyewe akimwita mwizi. Jambo ambalo mama alilirudia zaidi lilikuwa moja: vidonge. Alisema wanamuua kwa vidonge. Alisema mdogo wake amechoka kumtunza na sasa anammaliza polepole.

Neno hilo lilimchoma Mama Vizimba, lakini akasema huo ni uzee. Jioni alipofika, dada alikuwa mpole, amesahau kila kitu, anauliza kama amekula. Ni vigumu kuamini moto wakati unaona majivu tu. Yeye na mpwa wake hata walifikia kulifanyia mzaha: jioni wakipishana, mmoja alimuuliza mwenzake, "Leo tumemuua mara ngapi?" wakacheka kicheko kile cha watu waliochoka.

Halafu likaja jambo ambalo hakumwambia mtu. Jioni moja alimpeleka dada kwenye duka la dawa la mtaani wakampime. Mashine ikasoma mia na tisini kwa mia moja na tano. Muuza dawa akashtuka, akamwambia amrudishe hospitali. Siku waliyopangiwa ilikuwa bado wiki tano. Mama Vizimba alirudi nyumbani anahesabu wiki hizo kwa vidole, na asubuhi iliyofuata, badala ya vidonge viwili, akampa vitatu. Alijiambia kwamba amewapa panya dawa miaka kumi na saba na hajaua hata mmoja kwa kosa lake. Presha iko juu, dawa inashusha, basi iongezwe. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na kesho kutwa.

Siku ya tisa dada alianguka kwenye mlango wa bafu, asubuhi, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Walimfunga plasta. Walipompima presha alasiri hiyo walisema si mbaya sana kwa umri wake. Kila mtu akasema wazee huanguka. Mama Vizimba akanyamaza, na kidonge cha tatu kikaendelea.

*

Panya namba kumi na nne alikuwa miongoni mwa waliopewa dawa. Wenzake wa kundi lile walianza kuimarika. Waliogelea vizuri kuliko wale walioachwa na presha yao, na mtafiti alianza kutembea kwa furaha. Namba kumi na nne alikwenda kinyume. Wiki baada ya wiki alizidi kuwa mbaya. Akitiwa majini alizunguka kama mtu aliyepotelewa na mlango wa nyumba yake. Akishikwa aliuma. Alimuuma msaidizi mmoja kidole mpaka kwenye mfupa, na tangu hapo hakuna aliyetaka kumgusa isipokuwa Mama Vizimba, naye kwa glavu nene.

Siku moja mtafiti alimwambia kwamba huyo itabidi aondolewe kwenye jaribio. Alisema presha yake kwa wastani ni nzuri kabisa, dawa imefanya kazi, kwa hiyo ubongo wake utakuwa na kasoro nyingine ya kuzaliwa nayo, na anaharibu takwimu.

Kwa kawaida Mama Vizimba angeitikia tu. Lakini jambo lilikuwa limemkaa moyoni siku kadhaa.

"Daktari, jana alasiri nimemshika kwa mkono mtupu," alisema. "Nilisahau glavu. Hakuniuma. Alilala kiganjani."

"Labda anayaogopa maji, na alasiri anajua hakuna maji."

"Wote wanayaogopa maji. Huyu hata siku ambayo hakuna beseni, ikifika saa nne anakuwa mtu mwingine. Ikipita saa nane amerudi."

Mtafiti aliweka kikombe mezani. Akauliza ana hakika gani. Mama Vizimba akatoa mfukoni mwa koti daftari dogo la kuandikia maranda na chakula. Pembeni, kwa mwandiko wake wa kubana, alikuwa ameandika kila siku panya gani ameuma na saa ngapi. Hakuna aliyemtuma. Aliandika kwa sababu vidole ni vyake.

Kwa siku tatu walimpima namba kumi na nne kwa kimkanda kidogo kinachovishwa mkiani, mara tano kwa siku badala ya mara moja, saa yoyote, kama walivyozoea. Alfajiri, kabla ya dawa, presha yake ilikuwa juu sana. Saa nne ilikuwa imeporomoka chini kuliko ya panya yeyote mle ndani. Jioni ilikuwa imepanda tena. Ukijumlisha na kugawanya unapata namba nzuri, namba ambayo mnyama yule hakuwahi kuwa nayo hata kwa dakika moja.

Siku ya nne walimtia majini saa tisa alasiri. Aliogelea mstari ulionyooka, akapanda kijukwaani, akajipangusa masharubu.

Mtafiti alikaa chini, kwa mara ya kwanza tangu aje pale. Alisema wastani umemdanganya. Kisha akaeleza, nusu akijieleza mwenyewe. Alisema shingoni, kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, kuna mahali panapohisi presha, kama mlinzi. Ikishuka, hapo ndipo inapotoka amri ya moyo kukimbia na mishipa kubana, ili ubongo usikose damu. Lakini kwa mnyama aliyekaa na presha ya juu maisha yake yote, mlinzi huyo amezoea juu na amekuwa mzito. Dawa ikiteremsha kwa pupa, kama kwa huyu ambaye imemshika kuliko wenzake, mlinzi hawahi kuinua. Kwa saa mbili tatu ubongo unakaa na njaa.

"Na mnyama hasemi kichwa kinaniuma," mtafiti alisema. "Hakumbuki yuko wapi. Asipokumbuka anaogopa. Akiogopa anakuuma wewe."

Mama Vizimba alikuwa bado amemshika panya kwenye taulo, anamkausha. Akauliza, polepole, kama mtu anayeulizia njia ambayo tayari anaijua:

"Na binadamu je?"

"Mishipa ni ileile, mama. Lakini mimi si daktari wa watu. Kwa nini?"

Mama Vizimba alimrudisha panya kizimbani, akafunga kijimlango, akaomba ruhusa ya siku mbili. Katika miaka kumi na saba alikuwa ameomba ruhusa mara mbili, zote za msiba. Mtafiti hakuuliza zaidi. Alimwazima mashine ya kupimia presha ya watu, ile ya mkononi, iliyokuwa kabatini kwa ajili ya wafanyakazi.

*

Jioni hiyo kabla mpwa wake hajaondoka alimuuliza mama anabadilika saa ngapi hasa. Binti yule aliacha kufunga viatu.

"Mama mdogo, nimekwambia tangu mwezi uliopita. Saa nne. Ukasema ni uzee."

Asubuhi, kwa mara ya mwisho, alimpa dada vile vidonge vitatu. Baadaye jambo hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote, kwamba siku hiyo tayari alikuwa anashuku, na bado alimpa, ili aone kwa macho yake.

Saa tatu dada alikuwa ameketi kitandani anakunja nguo kwa mkono mmoja, anasimulia juu ya mteja aliyekuwa akileta vitambaa vya maua. Saa nne kasorobo maneno yakaanza kukatika. Mkono ukasimama juu ya shuka. Midomo ilikuwa imepauka. Aliinua macho, akamtazama mdogo wake, na machoni mwake hapakuwa na mtu anayemjua.

"Wewe nani? Umeingiaje humu?"

Mama Vizimba alisogea na mashine. Dada alimpiga usoni kwa mkono wenye plasta, kwa nguvu zake zote, na mdomo ukapasuka. Hakurudi nyuma. Miaka yote aliyoumwa na wanyama ilikuwa imemfundisha kwamba ukijitoa kwa haraka unararuka zaidi. Alimlaza taratibu, akamwekea mito miwili chini ya miguu, akamvisha mkanda wa mashine kwenye mkono mzima. Thamanini na mbili kwa hamsini. Akapima tena. Thamanini kwa arobaini na nane.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili walizitazama namba.

Ilichukua zaidi ya saa mbili. Polepole rangi ilirudi midomoni mwa dada, na kitu kingine kikarudi machoni. Aliiona damu kwenye kidevu cha mdogo wake, akauliza nani amemfanya hivyo, na akanyoosha mkono amfute kwa ncha ya khanga.

Kesho yake hakumpa kidonge cha tatu, na wala hawakungoja wiki zilizobaki. Walikwenda hospitali watatu. Muuguzi wa mapokezi aliwaambia siku yao bado. Mama Vizimba akamjibu kwamba watakaa, na wakakaa, kwenye benchi la mbao, tangu saa mbili mpaka saa saba. Daktari aliyewaona alikuwa mzee mwenye miwani ya nusu, mtu wa kusikiliza. Aliisoma karatasi ya vipimo alivyoandika Mama Vizimba, mstari kwa mstari. Alimpima dada akiwa amelala, kisha amesimama, akatikisa kichwa. Kisha akauliza mgonjwa anameza vidonge vingapi kwa siku.

"Viwili," alisema binti.

Hapo Mama Vizimba angeweza kunyamaza. Binti alikuwa amejibu kwa moyo safi, karatasi ya hospitali nayo ilisema viwili, na kidonge cha tatu kilikuwa kimeshaachwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na haya hayakuwa hata maradhi yake.

"Ni vitatu," alisema. "Mimi niliongeza kimoja. Wiki ya nne sasa. Hakuna aliyeniambia niongeze."

Binti aligeuka akamtazama. Dada, katikati yao, alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye pindo la gauni lake.

Daktari hakumkaripia, na hilo liliuma kuliko karipio. Alieleza kwamba hata viwili, vikimezwa pamoja alfajiri kwa tumbo tupu, vingeweza kumshusha mno mtu wa umri ule. Vitatu vilikuwa vinamwangusha. Alivigawa: kimoja asubuhi baada ya kula, na kingine, alichokipunguza nguvu, jioni. Asiinuke ghafla. Apimwe amekaa na amesimama. Akamwambia Mama Vizimba asiongeze, asipunguze, wala asiache kwa kuogopa, kwa sababu kuacha ghafla nako kunaua. Akiona shaka aje, hata kama hajapangiwa siku.

Mama Vizimba aliuliza kama kumbukumbu zitarudi. Daktari alivua miwani. Alisema kile kinachopotea saa nne kitarudi, kwa sababu hakijapotea, kimezimika tu. Kile kilicholiwa na presha ya miaka mingi, hicho hakirudi.

Walirudi nyumbani, binti akitangulia mpaka mlangoni kwao. Ufunguo ukiwa mkononi, alisema:

"Alituambia. Alisema vidonge vinamuua, na sisi tukamcheka."

Mama Vizimba alingoja aseme *wewe*, lakini alikuwa amesema *sisi*. Hata hivyo kwa wiki mbili hakumwita tena mama mdogo. Alimsalimia kwa heshima, akapokea zamu, akaondoka.

*

Jaribio la maabara lilifika mwisho mwezi uliofuata. Panya wote thelathini walitakiwa kulazwa usingizi wasioamka, ili ubongo wao ukatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Ndivyo kazi ile inavyoisha, na Mama Vizimba alikuwa ameiona ikiisha mara nyingi. Mtafiti alimwambia namba kumi na nne atamchukua yeye mwenyewe, si lazima mama awepo. Mama Vizimba alikataa. Alimbeba kiganjani, alasiri, bila glavu, akamshika mpaka pumzi ilipokata.

Baada ya siku kadhaa mtafiti alimwita aangalie ubongo wa namba kumi na nne kwenye hadubini. Mama Vizimba alijiziba jicho moja kwa kiganja, akachungulia kwa jingine. Aliona kitu kama kitambaa cha zambarau, na ndani yake vitundu vidogo vyeupe, hapa na pale, mahali ambapo mishipa myembamba ilikuwa imeziba na nyama iliyoitegemea ikafa. Alivitazama kwa muda mrefu sana. Mtafiti alidhani haoni vizuri, akataka kurekebisha lenzi. Mama Vizimba akamwambia anaona.

Nyumbani saa nne ilipita kama saa nyingine. Dada hakuanguka tena. Hakumpiga mtu tena, wala hakumwita mwanawe mwizi. Aliketi dirishani, akaangalia watu wanaopita na kusema nguo ya huyu imeshonwa vibaya mabegani, na mara nyingi ilikuwa kweli. Lakini mteja wa vitambaa vya maua hakurudi tena kwenye masimulizi yake, na kuna asubuhi alimwita mdogo wake kwa jina la mama yao, naye akaitika.

Jumapili moja Mama Vizimba alikaa chini, mkekani, miguuni pa dada yake, akamwambia yote: kidonge, mkono uliovunjika, kucheka. Akaomba msamaha. Dada alimsikiliza kwa makini kama anavyosikilizwa mtoto anayesimulia ndoto. Akauliza ni nani aliyevunjika mkono. Mama Vizimba akasema ni wewe, dada. Dada akautazama mkono wake, plasta ilishatolewa, akakunja na kukunjua vidole.

"Mbona umepona," alisema. "Haya, nimesamehe. Usilie."

Alasiri alikuwa amesahau kwamba aliombwa, na kwamba alisamehe. Mama Vizimba alifikiria kumwomba tena, akaacha. Angemwomba kila siku, na kila siku angesamehewa na mtu asiyejua anasamehe nini, na hilo lingekuwa kujifariji kwa jasho la mwingine.

Ilipofika saa ya kupima alileta mashine. Mpwa wake alikuwa ametoka kuoga, anajiandaa kwenda kazini. Alisimama kidogo akiwatazama, kisha akaja akaketi upande wa pili wa mama yake, akamkunjia mkono wa gauni, na kuushika mkono ule ulionyooka mpaka mashine ikamaliza kusoma.